Seli shina, kisukari na ng'ombe wa plau

MKULIMA wa pamba wa Kishapu hushika fedha nyingi kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, chama cha msingi kinapolipa. Mchimbaji mdogo wa Geita hushika zake siku duara linapotema. Fedha ya namna hiyo ndiyo inayowindwa na wauzaji wa tiba za miujiza, na jina linalouza siku hizi ni "seli shina", zinazosemwa kufufua mishipa ya damu na kuokoa mguu wa mgonjwa wa kisukari usikatwe.

Ahadi hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2002 madaktari wa Japani waliandika katika jarida la Lancet kwamba walichukua seli za uloto wa wagonjwa wenyewe, wakazichoma kwenye misuli ya miguu yenye mishipa iliyoziba, na damu ikapita vizuri zaidi. Wagonjwa walikuwa wachache. Uholanzi ilipowapima wagonjwa 160, sehemu yao wakipewa dawa bandia, matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa idadi ya miguu iliyokatwa haikupungua. Utafiti unaendelea, lakini hii bado si tiba ya kawaida ya mguu wa kisukari.

Wengi huchanganywa na habari za hapa nchini. Ni kweli Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Lakini kutengeneza damu ndiyo kazi ya asili ya seli hizo. Kuufungua mshipa wa mguuni ni jambo jingine kabisa. Na unga wa kopo hauna seli hai. Hata zingekuwamo, tumbo lingezisaga kama ugali.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 kati ya 100 wenye miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Sukari ikizidi kwa miaka, mishipa huharibika na mguu hufa ganzi. Kokoto ikiingia kwenye gambuti la mchimbaji, au mwiba ukimchoma anayepalilia peku, hasikii. Kidonda kikigoma kupona huitwa kidonda ndugu, au hudhaniwa katupiwa kitu, na wiki zinapita.

Sasa tazama hesabu ya nyumbani. Anayeuza ng'ombe mmoja wa plau ili anunue makopo huvunja jozi, na aliyebaki halimi peke yake. Familia itasubiri kukodi, na pamba itapandwa kwa kuchelewa. Mguu nao ukikatwa, aliyeshika plau hayupo shambani tena.

Kinachookoa mguu ni cha bei ndogo, ila hudaiwa kila mwezi: kipimo cha sukari, vidonge, viatu vilivyofunika vidole, nauli ya kliniki. Hapo ndipo mkulima hukwama, maana Februari mfukoni hamna kitu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mchango wa mkulima ungekusanywa wakati wa mauzo ya pamba, wengi wangelipa. Ukidaiwa wakati wa njaa, watakimbia.

Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam aliongoza, katika miaka ya 2000, mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kusafisha vidonda hivi mapema, na wagonjwa kukagua miguu yao. Taarifa zake zilionyesha ukataji ulipungua, bila seli shina yoyote.

Mwenye kisukari anaweza kuanza leo jioni: akung'ute gambuti kabla ya kuvaa, atazame nyayo na katikati ya vidole, au mtoto amtazamie. Akikuta kidonda, aende zahanati kesho yake. Kikinuka au kikiwa cheusi, aende hospitali ya mkoa au Bugando siku hiyohiyo.