Mahari Yako na Mfuko wa Mafuta



Wiki iliyopita bi harusi mmoja alikuja kupima gauni lake. Nikiwa namtia pini kiunoni akanionesha simu. Katumiwa mfuko wa uwekezaji wa nje, wa mafuta ya petroli. "Da fundi, nasikia mafuta yatapungua duniani, bei itapanda. Nataka nitie mahari yangu yote." Nikamwambia avue gauni kwanza, tukae.

Mahari ni yake. Aya ya 4 ya Suratun Nisaa imeshalimaliza hilo, hakuna baba wala mume wa kumpangia. Na mie simzuii mwanamke kuwekeza. Ila nilimuuliza: unanunua nini hasa?

Kuna mifuko yenye hisa za kampuni za mafuta. Kuna mingine haina kampuni wala pipa moja. Ina mikataba tu ya kununua mafuta mwezi ujao, na siku ikikaribia inauza huo na kununua wa mwezi wa mbele. Wa mbele ukiwa ghali zaidi, pesa yako inaliwa kidogo kidogo kila mwezi, hata bei ya mafuta isiposhuka.

Tuliyaona 2020. Mwezi wa Machi Saudia na Urusi hawakuelewana kuhusu kupunguza uzalishaji, Saudia ikayamwaga mafuta sokoni, na huku korona imewafungia watu majumbani. Tarehe 20 Aprili mkataba wa mafuta ya Marekani ulifunga chini ya sifuri, hasi dola 37 na ushei. Yaani mwenye nao alilipa ili aondoshewe! Kisha Machi 2022, vita vya Ukraine, pipa likapita dola 120. Sasa sikiliza: aliyenunua mfuko maarufu wa mikataba wa Marekani, United States Oil Fund, mwanzo wa 2020, pipa likiwa dola sitini na kitu, hata wakati huo alikuwa hajarudisha mtaji wake wote. Mafuta yalipanda, yeye kabaki na hasara.

Na dini je? Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Mikataba ya namna hii ina gharar, na wanazuoni wengi wameikataa. Hisa za kampuni wengi wameziruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa mikopo ya riba ya kampuni isizidi kiwango walichoweka. Kwa hiyo ukiambiwa "ni halali", uliza nani kaukagua mfuko huo. Neno la kwenye tangazo halitoshi, hata likiandikwa kwa rangi ya kijani.

Nilimuuliza bi harusi wangu wake ni wa hisa au wa mikataba. Hakujua. Akampigia shoga yake aliyemtumia, naye hakujua. Mahari bado anayo mkononi, na gauni anakuja kulichukua Alhamisi, inshaAllah.