Nyaya Mbili, Mtaro Mmoja

Ofisi ya Msasani yenye swichi mbili za mtandao inaweza kuunganisha matundu mawili ya kila swichi yakafanya kazi kama njia moja. Utaratibu huo ulipitishwa kimataifa mwaka 2000, na ni wa kusifiwa: waya mmoja ukikatika, wa pili huendelea kubeba mzigo.

Lakini ieleweke wazi kwamba mfanyabiashara anayemwahidi mteja kasi maradufu kwa kila kazi anamdanganya. Faili moja linalopokelewa na mtu mmoja kwa kawaida hupita katika waya mmoja tu. Faida huonekana pale watumiaji wanapokuwa wengi.

Hatari kubwa zaidi imo ardhini. Nyaya mbili zikilazwa katika mtaro mmoja, sururu moja ya mchimba mabomba yatosha kuzikata zote. Nchi nzima ilionja shida ya namna hiyo Mei 12, 2024. SEACOM na EASSy, mikongo ya baharini iliyoanza kuhudumia Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, ilikatika pamoja upande wa kusini, na mtandao ukazorota. Ilikuwa miwili kwa hesabu, lakini yote imepita pwani ile ile.

Hivyo mkuu wa ofisi anayeletewa hati ya malipo ya "njia mbili" hana budi kutoka nje, tena kabla ya kutia sahihi, aonyeshwe mtaro wa pili. Fundi atalalamika kuwa kuchimba ni gharama. Ni kweli, na gharama hiyo ndiyo inayonunua usalama wenyewe.