Daftari la Ardhi Lisiwe la Kufutika



Mfanyakazi hahitaji kufundishwa hatari ya daftari linalofutika. Nyapara akiandika leo kwamba umefanya kazi masaa 10, kesho akafuta na kuandika 8, mwisho wa mwezi huna ushahidi. Ndiyo maana tunadai kosa likatwe kwa mstari, maandishi ya kwanza yaendelee kusomeka, na aliyesahihisha atie saini na tarehe.

Sisi tunasema dai hilohilo lifike kwenye daftari la ardhi.

Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda iliandikisha viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10. Majirani walisimama mipakani, na mipaka ikachorwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani. Kila kipande kilipewa nambari inayotaja mkoa, wilaya, umurenge, kagari, na mwisho kipande chenyewe. Ilikuwa kazi kubwa, nasi tunaisifu. Lakini ramani huchorwa siku moja, na ardhi haitulii. Mzee hufariki na warithi wakagawana, jirani huuza nusu, barabara hupanuliwa.

Tuchukue Kabeza, hapa Kigali. Ni Kabeza ipi? Ziko mbili: moja ni kagari ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro; nyingine ni kagari ya Muhima, wilaya ya Nyarugenge. Jina peke yake halitoshi. Na mipaka ya utawala nayo hubadilika. Mwaka 2006 wilaya 106 za nchi zilipunguzwa zikawa 30, na mikoa 12, pamoja na Jiji la Kigali, ikawa 5. Karatasi ya zamani inayotaja komini ya Kanombe na hati mpya inayotaja Kicukiro zaweza kuwa zinazungumzia ardhi moja. Mjane wa mfanyakazi atalithibitishaje hilo, kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba hiki ndicho kilichokuwa kile?

Kuna pia mpango mkuu wa jiji, uliopitishwa mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2020. Mpango ukibadilika, kiwanja kilichonunuliwa kwa ajili ya nyumba chaweza kupangiwa matumizi mengine. Hapo swali la haki ni moja: siku mtu aliponunua, ramani ilisemaje? Lina jibu tu iwapo ramani ya zamani imetunzwa na tarehe yake.

Tangu mwaka 2023 hati za ardhi zinatolewa kwa kompyuta. Hatupingi, karatasi huungua, hulowa, huibiwa. Ila tukumbuke kwamba anayefuta wino huacha alama kwenye karatasi. Anayeandika juu ya maandishi ya kompyuta haachi alama yoyote, isipokuwa mitambo imeagizwa kutunza kila badiliko.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

1. Kila badiliko litunzwe: kilichobadilishwa, siku, aliyebadilisha, na hati iliyomruhusu.

2. Kiwanja kikigawanywa, nambari ya zamani isipotee. Ionyeshe ni viwanja gani vilivyozaliwa humo.

3. Mwenye ardhi aarifiwe kabla ya badiliko, na aweze kusoma historia yote ya kiwanja chake kwa lugha anayoielewa.

Lakini ndugu zetu, wajibu uko pia upande wetu. Wengi bado wanauziana kwa karatasi ya mkononi mbele ya mashahidi wawili, halafu hawaendi kubadilisha jina. Sababu tunazijua: ada ni nzito kwa mshahara wetu, na kwenda ofisini ni kupoteza posho ya siku. Basi tudai ada inayolingana na kipato cha mfanyakazi. Hata hivyo tusisahau kwamba daftari lililoachwa nyuma ni bovu sawa na lililofutwa. Barabara ikija na fidia ikalipwa, jina linalotazamwa kwanza ni lile lililomo daftarini, hata kama mwenye jina aliuza miaka mingi iliyopita. Hili linamhusu mwenzetu wa kiwandani mwenye chumba Kabeza, na linamhusu mchuma chai mwenye kishamba chake kijijini.

Viongozi wa matawi waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Kila mwanachama aje na nambari ya kiwanja chake, na ahakikishe jina lililoandikwa ni lake.

Jasho letu limeandikwa katika ardhi hiyo. Lisifutwe!