Tozo ikibadilika, kompyuta inajuaje?

Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Wengi wetu tulimlaumu wakala, ilhali yeye hapangi makato. Hukokotolewa na mitambo ya kampuni ya simu, kwa kanuni zilizowekwa humo.

Kanuni hizo zikitawanyika ndani ya programu, mafundi wanaweza kurekebisha mahali pamoja na kusahau pengine, na mteja akaendelea kukatwa kiwango cha zamani. Zikiwekwa pamoja kwenye jedwali moja, lenye kiwango, tarehe ya kuanza na jina la aliyeidhinisha, ni rahisi kuzibadilisha na kuzikagua.

Kwako msikilizaji, tarehe ndiyo ya kushika: muamala wa jana hupimwa kwa kanuni ya jana. Kwa hiyo usifute ujumbe wa muamala. Una namba ya kumbukumbu, tarehe na makato. Ukikatwa isivyo, huo ndio ushahidi wako unapopiga simu huduma kwa wateja.