Damu Hainunuliwi Dukani

Mama akifariki baada ya kujifungua, watu husema, "Ni kazi ya Mungu." Mimi sikubali, na nitaeleza kwa nini.

Disemba iliyopita mama mdogo alijifungua vizuri katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Muda si muda akaanza kuvuja damu, ikawa haikatiki. Akakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kitanda kilikuwapo, oksijeni ilikuwapo, daktari pia. Damu ndiyo haikuwapo! Baba akaambiwa atafute watu wa kutoa. Alirudi na makanga wanne kutoka steji, ambao hata hawakumjua mgonjwa. Damu ikapimwa, ya wawili ikapatana na yake. Alfajiri akatundikiwa chupa ya kwanza. Yuko hai.

Sasa, kwa nini Disemba? Kwa sababu damu nyingi katika nchi yetu hutolewa na wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Nayo damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Hukaa kwenye friji siku 35 hivi, basi. Likizo ya Novemba na Disemba ni ndefu kuliko hizo siku! Hesabu hiyo hata mimi ninayepata D naielewa.

Wauguzi walipokuja hapa muhula wa pili, wavulana wengi wa Form Three walijificha nyuma ya maabara. Ati damu inauzwa. Ati ni mambo ya kuabudu shetani! Jamani, anayetoa hutolewa kama mililita 450 tu, kisha anapewa soda. Mama aliyejifungua akipoteza 500 tayari madaktari wanashtuka, na wengine hupoteza lita mbili.

Wenzetu wa shule za bweni hutawanyika likizoni. Sisi wa kutwa hatuendi popote, Disemba nzima tuko hapa hapa tukicheza mpira. Maoni yangu ni kwamba chama chetu cha Kiswahili kiandikishe majina kabla ya kufunga shule, kisha kila wiki ya likizo watu watano waende hospitali wenyewe, bila kungoja gari la wauguzi.

Sharti ni miaka 16 na kilo 50. Miaka ninayo. Mizani ya pale posho mill jana ilisema kilo 48 na nusu, kwa hivyo mama ameanza kulalamika kuhusu ugali.