Tukimwita Mumiani Twampa pa Kujifichia

Ukifika Voi hukosi kusimuliwa kisa cha simba wa Tsavo. Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipofika mto Tsavo, simba wawili walikula watu kwa miezi kadhaa. Makuli waliotoka Bara Hindi walikata shauri kuwa wale si wanyama, ni mashetani. Wengi wakaidandia gari moshi wakarudi pwani, na kazi ikasimama. Mwezi wa Desemba, Mwingereza Patterson akampiga risasi wa kwanza tarehe 9, na wa pili tarehe 29. Kumbe ni simba tu! Leo wamo katika jumba la makumbusho mjini Chicago, na watoto huenda kuwatazama.

Nimekikumbuka kisa hicho kwa sababu ya Masten Wanjala. Julai 2021 kijana huyu wa miaka 20 alikamatwa, akakiri kwa polisi kuwa amewaua watoto zaidi ya 10, na wengine amewanyonya damu. Siku hizo nchi nzima ilisema neno moja, na sisi watu wa pwani tunalo letu la tangu zamani: mumiani.

Mimi nasema neno hilo latudhuru. Mumiani tuliyetishwa naye utotoni huja usiku, na sura yake yatisha. Wanjala, kama ilivyoelezwa, alijifanya mwalimu wa kandanda. Alikuja mchana, kwa maneno matamu. Mzazi anayemngojea shetani hamwoni mtu anayemshika mwanawe mkono.

Na dhara la pili ni kubwa zaidi. Oktoba 13, 2021, siku aliyotakiwa kufikishwa mahakamani, ikagunduliwa kuwa ametoroka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Siku mbili baadaye wanakijiji wa kwao Bungoma walimpata, wakamuua. Wengi walishangilia. Shetani hapelekwi mbele ya hakimu, shetani hupigwa.

Najua utaniuliza: "Je, angekuwa mwanao?" Swali zito, wala sijitii ushujaa. Lakini hebu tuwafikirie wazazi wale. Walikuwa na haki ya kukaa mahakamani wakasikia mtoto wao aliuawaje, na kama wako wengine ambao hawajapatikana. Majibu hayo alikuwa nayo mtu mmoja, naye akazikwa nayo. Dini yetu imetufundisha kuwa damu ina mwenyewe, na kisasi chake kina hakimu na mashahidi. Hakikuachiwa mwenye rungu.

Tena, tulipokwisha kushangilia, nani aliendelea kuuliza mlango wa seli ulifunguliwaje? Agosti 2024, Collins Jumaisi, mtuhumiwa wa mauaji ya wanawake ambao miili yao ilipatikana Kware, naye alitoroka katika kituo cha polisi cha Gigiri. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Lakini sisi tungali tunasimuliana habari za mumiani.

Wazee wa Voi wanaotusimulia habari za Tsavo watumalizie kisa chote. Simba wale walikomeshwa na mtu aliyejua kuwa ni simba, akakesha akiwangoja. Na muuaji ni mtu. Mwenye mtoto amjue anayemwita mwanawe uwanjani, na mwenye ufunguo wa seli aulizwe ufunguo wake.