Bendi Ikibadili Sauti, Je, Imeacha Asili?

Wako watu, na hawa si wachache, wasemao kwamba mwanamuziki akishabadili sauti ya muziki wake amekwisha. Kwao wimbo ni kama mpaka wa shamba: ukisogezwa hatua moja, hapana budi kuna mtu aliyeibiwa. Methali waipendayo ni "Mwacha asili ni mtumwa," nao huitumia kama fimbo ya kumchapia kila kijana ashikaye gitaa. Mimi nadai kwamba watu hawa wanakosea, na ya kwamba kosa lao limetunyima haki ya kuijua mojawapo ya bendi bora zilizopata kupiga muziki katika Afrika ya Mashariki. Nakuomba, msomaji, usikilize hoja zangu kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Bendi nisemayo ni Equator Sound Band ya Nairobi. Ilikuwa bendi ya studio ya Equator, iliyoendeshwa na Charles Worrod, na katika miaka ya 1960 kazi yake ilikuwa kupiga muziki katika santuri za waimbaji wa kampuni hiyo. Ndani yake mlikuwa na Fadhili William, ambaye jina lake halitengani na wimbo "Malaika", Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939, Gabriel Omolo, na wageni wawili kutoka nchi iitwayo leo Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi.

Tazama sasa njia waliyoipita. Wanamuziki hawa walipokuwa vijana, muziki uliopendwa magharibi ya Kenya ulikuwa wa gitaa kavu, lisilo na umeme. George Mukabi na wenzake walichomoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, na mtu wa pili akakwaruza chupa ya soda kushika mapigo. Mtindo huo uliitwa omutibo. Bendi ya Equator haikubaki hapo. Iliingiza magitaa ya umeme, besi na ngoma; ikachukua mwendo wa haraka wa kwela, muziki wa filimbi za bati uliozaliwa katika mitaa ya Waafrika huko Afrika Kusini; ikapata twisti ya Kiafrika. Kabaka ndiye aliyevuma kwayo kupita wote, na wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari, ukaimbwa mwaka 1968 na The Tremeloes, bendi ya Uingereza. Kisha rumba ya Kongo ikatawala kumbi za Nairobi, nao wakabadilika tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitawanyika: Kabaka, Pichen na Tsotsi wakapiga pamoja kwa jina la Eagles Lupopo, na Omolo, akiwa na Apollo Komesha, akautoa "Lunch Time", wimbo wa mfanyakazi wa mjini aliyebanwa na njaa saa ya mchana.

Hapa mpinzani wangu atainuka na kusema: "Twisti ni ngoma ya Wamarekani. Chubby Checker aliipiga mwaka 1960, na hao wako waliiga tu." La hasha! Jina waliliazima, ni kweli. Lakini aliyesikiliza kwa makini atatambua kwamba mapigo hayakutoka Philadelphia. Yalitoka kusini mwa bara hili hili, na juu yake ikawekwa lugha ya Kiswahili na visa vya maisha yetu. Mtu akiazima chungu cha jirani, chakula apikacho ndani yake hakiwi cha jirani.

Wala jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Katika miaka hiyo hiyo, watu wa Jamaika, waliopata uhuru wao Agosti 1962, walichukua muziki wa dansi waliousikia katika redio za Marekani, wakaugeuza mapigo, wakapata muziki uitwao ska. The Skatalites, bendi iliyoundwa mwaka 1964, nayo ilikuwa bendi ya wapigaji wa studio waliowapigia waimbaji wengi. Ilivunjika mwaka 1965. Ska ikapunguza mwendo, na kabla miaka kumi haijatimia tangu uhuru ikawa imezaa rege, ambayo leo yapigwa hata katika matatu za Kisii na Keroka. Je, yuko mtu awaambiaye Wajamaika kwamba waliacha asili yao? Hayuko. Mabadiliko yao twayaita ufundi, na ya kwetu twayaita uigaji. Hii si haki, na sijui kama yafaa kuitwa hata fikira.

Basi kwa nini bendi hii haijulikani? Naona sababu mbili. Ya kwanza, tumezoea kulikumbuka jina la mwimbaji na kumsahau mpigaji. Watu elfu waweza kukuimbia "Malaika," lakini muulize mmoja wao ni bendi gani iliyokuwa nyuma ya Fadhili William, atanyamaza. Ya pili ni nzito zaidi. Tumejifunza kuuthamini muziki kwa kabila la mwenyewe. Mluo anao wake, Mkikuyu anao wake, na sisi tunao wetu. Bendi iliyochanganya Mkenya wa pwani, wa magharibi na wa ziwani pamoja na watu wa Zambia, ikaimba kwa Kiswahili, haikuwa na kabila la kuililia. Iliyokuwa ya wote ikawa haina mwenyewe.

Nimetoka mbali kwa makusudi, maana ugomvi huu umo nyumbani, Kisii na Nyamira. Obokano yetu ina nyuzi nane na bakuli kubwa lililowambwa ngozi, na mvumo wake mzito hausahauliki. Wako wazee wasemao gitaa limeiua. Wako na vijana waionayo obokano kuwa pambo la kupelekwa katika mashindano ya muziki ya shule, likirudi litundikwe ghalani. Wote wawili wanashirikiana kuizika. Marehemu Christopher Monyoncho alipoimba benga kwa Ekegusii, aliwaimbia Abagusii kwa gitaa, na hakuna aliyemsikia akamdhania kuwa mtu wa mahali pengine.

Sisemi kwamba kila badiliko ni jema. Mtu akibonyeza kidude cha kinanda cha umeme, mashine ikapiga ngoma ile ile katika kila wimbo, huko si kukua, ni uvivu. Kipimo changu ni hiki: je, baada ya badiliko, mpigaji anafanya kazi zaidi kwa mikono na masikio yake, au kidogo? Je, ana mengi zaidi ya kusema, au machache? Kwa kipimo hicho Equator Sound yasimama imara, maana kila ilipogeuka iliongeza.

Wewe kijana usomaye haya, usiipokee hukumu yangu bure. Zitafute nyimbo hizo, na usikilize gitaa na besi kabla ya sauti ya mwimbaji. Ukisikia wimbo wa Ekegusii redioni, uliza nani anapiga, si nani anaimba tu. Kisha mwendee mzee ajuaye obokano, ujifunze kuzikaza nyuzi zake. Ukishajua, nawe ukaona moyoni sauti isiyopata kusikiwa, ipige bila hofu. Atakayekuambia umeacha asili, mpe obokano, umwambie akuonyeshe yeye anavyoishika.